Mafuta ya Moyoni na Hatari ya Mapema ya Ugonjwa wa Ateri za Moyo

Mafuta ya moyoni ni tishu ya mafuta iliyolala kati ya msuli wa moyo na mfuko mwembamba unaoufunika. Si kolesteroli inayopimwa katika damu, wala si mafuta yaliyo nje ya mfuko huo, ingawa vipimo vingine huyahesabu ya ndani na ya nje pamoja. Kila mtu anayo, na yakiwa ya kiasi yana kazi ya maana: huupa msuli nishati, huukinga dhidi ya mitikisiko, na hutoa adiponektini, homoni inayotuliza uvimbe katika mishipa.

Hatari yake hutokana zaidi na mahali yalipo. Ateri za koronari, yaani mishipa inayoupelekea msuli wa moyo damu, hupita katikati ya mafuta haya, na hakuna utando unaoyatenga nazo. Yanapozidi, seli zake hutanuka, seli za kinga hukusanyika humo, na kemikali zinazochochea uvimbe kama vile interlukini-6 huingia katika ukuta wa ateri kutokea upande wa nje, wakati kolesteroli inaushambulia kutokea ndani. Hivyo mabaka ya mafuta yanaweza kuanza kujengeka katika ukuta huo miaka mingi kabla ya mtu kuhisi maumivu yoyote ya kifua.

Kwa baadhi ya watu kipande cha ateri huzama ndani ya msuli wenyewe, pasipo na mafuta ya kukizunguka, na mara nyingi kipande hicho hubaki safi hata pale sehemu iliyokitangulia inapokuwa na mabaka. Huenda mbano wa msuli nao unachangia, kwa hiyo jambo hili peke yake si uthibitisho kwamba mafuta ya moyoni ndiyo chanzo cha mabaka. Hata hivyo, ni vigumu kulipuuza. Katika MESA, utafiti mkubwa wa ugonjwa wa moyo na mishipa nchini Marekani, ulioanza kuandikisha watu mwaka 2000, waliokuwa na mafuta mengi kuzunguka moyo walipata ugonjwa wa ateri za koronari zaidi ya wenzao, hata baada ya uwiano wa uzito na urefu kuzingatiwa.

Ndiyo maana mizani haitoshi kumtuliza mtu mwembamba, hasa mwenye kisukari au kiuno kinachopanuka. Unene wa mafuta haya huonekana kwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, na ujazo wake hupimwa vizuri zaidi kwa CT skani au MRI. Hupungua mtu anapopunguza uzito, na mazoezi ya mara kwa mara husaidia pia. Hata hivyo, hayapimwi kwa kila mgonjwa, kwa kuwa bado hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa cha kutenganisha salama na hatari. Shinikizo la damu, sukari, kolesteroli na uvutaji wa sigara ndivyo vinavyoendelea kumwongoza daktari, na picha ya CT iliyopigwa kwa sababu nyingine humwongezea taarifa tu.