Je, wajua? Mnyama wa jamii ya panya anawezaje kukaribia kutoweka?

Mtoto wa dada yangu ana miaka mitano. Nilimwonyesha picha ya mnyama mnene wa rangi ya mchanga, amesimama wima mlangoni mwa shimo lake, mikono kifuani, na nyuma yake wenzake wengi. Nikamwambia anaitwa mbwa wa mbuga, anaishi Amerika Kaskazini, na baadhi ya aina zake ziko hatarini kutoweka. Akauliza: mbona hafanani na mbwa? Na atatowekaje, wakati hapa pichani wako wengi hivi?

La kwanza ni rahisi. Huyu ni ndugu wa kindi, ila anachimba ardhi badala ya kupanda miti. Wageni walipomsikia akiwatahadharisha wenzake walidhani kijibwa kinabweka. La pili nililikosea. Nilimjibu kwamba wanyama wa jamii ya panya huzaliana haraka mno, hawawezi kwisha. Watu wazima wengi tungejibu hivyo, na si kweli.

Panya wa nyumbani hubeba mimba wiki tatu hivi, na huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Mbwa wa mbuga mwenye mkia mweusi, ambaye ndiye aliyeenea zaidi kati ya spishi tano, ni tofauti kabisa. Jike huwa tayari kupandwa siku moja tu kwa mwaka, tena kwa saa chache. Siku hiyo ikimpita, anangoja mwaka mwingine. Kwa kawaida huanza kuzaa akiwa na miaka miwili. Watoto wanaotokeza juu ya ardhi huwa watatu hivi, na karibu nusu yao hufa kabla ya kutimiza mwaka. Mbuzi anayetunzwa vizuri anaweza kuzaa mara tatu katika miaka miwili! Kwa hiyo kundi likifyekwa, halijirudishi kama panya wa ghalani.

Wingi nao hudanganya macho, kwa kuwa wanyama hawa hujenga mashimo yao pamoja kama mji. Mwaka 1905 mtaalamu wa wanyama Vernon Bailey aliandika juu ya mji mmoja wa Texas aliokadiria kuwa na wanyama milioni 400. Lilikuwa kadirio tu, hakuna aliyewahesabu. Baadaye ikaja sumu, kwa hofu kwamba wanamaliza malisho ya ng'ombe, kisha mashamba, na eneo lao likapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Lakini tusiwaambie watoto kwamba wote wako katika hali moja. Yule wa Meksiko yuko hatarini kutoweka, na yule wa Utah analindwa kisheria tangu 1973. Mwenye mkia mweusi bado yupo katika majimbo mengi.

Adui asiyeonekana ni tauni, ugonjwa ule ule uliowasumbua watu wa Lushoto, Tanzania, tangu 1980. Ulifika San Francisco kwa meli mwaka 1900, ukahamia kwa wanyama wa porini ambao miili yao haikuwahi kuujua. Fikiria kijiji cha nyumba za makuti zilizobanana. Kubanana kunafaa: mwizi akija, jirani mmoja akipiga kelele wote wanaamka. Hivyo ndivyo mbwa wa mbuga wanavyomkwepa mwewe. Lakini cheche ikidondoka, ukaribu ule ule unapitisha moto paa kwa paa. Cheche hapa ni kiroboto. Mnyama akifa mwili hupoa, na viroboto humhama kama wageni wanaoondoka jiko lilipozimika, wakitafuta joto kwa jirani. Jirani hayuko mbali, na ana desturi ya kusalimiana mdomo kwa mdomo. Mji mzima unaweza kubaki mtupu katika wiki chache.

Kwa mtoto mdogo nilichora miduara mchangani, kokoto moja ikiwa kiroboto. Miduara ilipokaribiana kokoto iliruka yote, tulipoitenganisha, ilikwama. Alielewa kabla sijamaliza kueleza.

Kisha akauliza nani mwingine anaishi mle. Bundi wachimbao hutaga katika mashimo yaliyoachwa. Na yupo kicheche wa miguu myeusi, ambaye chakula chake karibu chote ni mbwa wa mbuga. Alidhaniwa ametoweka, mpaka mwaka 1981 mbwa halisi wa shambani huko Meeteetse, Wyoming, alipomleta mmoja nyumbani, amekufa. Kufikia 1987 waliobaki walikuwa 18, wote wakakamatwa ili wazalishwe. Karibu wote wa leo wametokana na saba tu kati yao.

Sasa wahifadhi hunyunyiza dawa ya viroboto mashimoni, japo viroboto huweza kuizoea. Wamejaribu pia chanjo iliyofichwa ndani ya vidonge vyenye ladha ya siagi ya karanga, vinavyotawanywa mbugani wanyama wajiokotee. Inasaidia, ingawa si kila mahali kwa kiasi kile kile, na lazima iliwe kabla tauni haijafika. Mpwa wangu alitaka kujua kama vidonge hivyo ni vitamu. Kwa mbwa wa mbuga, inaelekea ni vitamu vya kutosha: wanavila wenyewe, bila kushikwa.