Mpango shirikishi wa pwani inayobadilika: maana yake na jinsi unavyofanywa

Mpango shirikishi wa pwani ni makubaliano ya maandishi kati ya wakazi wa ufukweni na serikali kuhusu nini kitafanyika bahari ikisogea: wapi patalindwa, wapi pataachwa, nani atahamia wapi, na gharama atabeba nani. Hutazama mbele miaka 20, 50, hata 100. Mkutano wa siku moja ambao wataalamu huonyesha ramani na wananchi husaini daftari la mahudhurio si mpango shirikishi, hata ripoti ikiuita hivyo.

Muda huwa mrefu hivyo kwa sababu bahari haina haraka. Wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi imeongezeka hadi milimita 3.7 kwa mwaka katika kipindi cha 2006 hadi 2018. Lakini kwa mtu wa Pangani au Bagamoyo, kinachokula ufukwe leo mara nyingi ni upungufu wa mchanga. Mchanga huletwa na mito kisha husukumwa na mawimbi kandokando ya pwani. Ukichimbwa mtoni kwa ajili ya ujenzi, ufukwe hukosa chakula chake. Kaskazini mwa Dar es Salaam, eneo la Kunduchi, uchimbaji huo umetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa sababu za mmomonyoko. Kisha mwenye hoteli hujenga kuta fupi za mawe kuingia baharini, mchanga hunasa upande wake, na jirani wa upande wa pili anapoteza ufukwe.

Kwa sababu hiyo mpango wa kijiji kimoja haufui dafu. Eneo la kupanga ni kipande chote cha pwani kinachogawana mchanga, pamoja na mto unaokilisha. Mkoani Tanga, mradi wa hifadhi ya pwani ulioanza 1994 uliigawa pwani katika maeneo sita ya usimamizi wa pamoja, kama Mtang'ata na Boza-Sange, kila moja likijumuisha vijiji kadhaa vinavyotumia miamba na maji yaleyale. Shabaha yake kuu ilikuwa uvuvi na mikoko, si mmomonyoko, ila mgawanyo wa namna hiyo unafaa hapa pia, alimradi wachimba mchanga wa juu mtoni waitwe. Kwa kawaida wao ndio husahaulika.

Wengine wanaosahaulika ni wavuvi wa dago, ambao huwapo msimu mmoja tu, na wanawake wa mwani na pweza. Hao wanawake ndio wanaoijua sehemu inayofunikwa na kufunuliwa na maji kuliko mtu yeyote, na kazi yao iko kwenye bamvua, maji yanapokupwa mbali. Mkutano ukiitishwa siku za bamvua, watakuja wanaume na mwenyekiti. Itisheni wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hupwa kidogo tu, baada ya alasiri, na isiwe Ijumaa. Posho nayo ina madhara yake: watu wakizoea kulipwa ili wahudhurie, mfadhili akiondoka mkutano hufa.

Kwa kila kipande cha ufukwe kuna uamuzi wa aina nne: kukilinda pale kilipo, kusogeza kinga kuelekea baharini, kurudi nyuma kwa mpangilio, au kuacha asili ifanye kazi yake. Wakazi karibu wote huchagua ukuta wanapoulizwa mara ya kwanza. Ni haki yao, lakini waelezwe tangu mwanzo kwamba mawimbi yakigonga ukuta wima huchimba mchanga ulio mbele yake, hivyo ngalawa hukosa pa kupandishwa, na kwamba msingi usiokarabatiwa huporomoka. Bajeti inayotaja ujenzi bila matengenezo ya kila mwaka irudishwe kwa walioiandika.

Baada ya hapo huja upimaji, ambao wakazi wanaweza kuufanya wenyewe. Chukueni fito mbili zilizonyooka, kila moja mita 1.5, zichorwe sentimita kuanzia juu, na kamba ya mita 2 ya kupimia nafasi kati yake. Anzeni kwenye alama isiyosogea, kwa mfano kona ya msingi wa zege, kamwe si mnazi. Msomaji akae nyuma ya fito ya upande wa nchi kavu, alinganishe ncha ya fito ya upande wa bahari na upeo wa macho, kisha asome mstari huo unaikata fito yake wapi. Kama ni sentimita 14 kutoka juu, ufukwe umeshuka sentimita 14 katika mita hizo 2. Sogezeni, rudieni hadi kwenye maji. Pimeni mwisho wa msimu wa upepo wa kusi na mwisho wa msimu wa kaskazi, kila mara bamvua likiwa limekupwa, maana ufukwe ulioliwa msimu mmoja huweza kurudi msimu unaofuata. Penye mikoko au kisiwa mbele, upeo hauonekani na njia hii haifai. Pimeni tu umbali kutoka alama hadi ukingo, yaani pale nchi kavu inapokatwa na mawimbi.

Vipimo hivyo ndivyo huzaa alama ya kuchukua hatua, na hapa ndipo ushirikishaji hupata meno. Tuseme ukingo unaliwa mita 1.5 kwa mwaka, na kuhamisha shule, kuanzia kutafuta kiwanja hadi kufungua madarasa, huchukua miaka 5. Hiyo ni mita 7.5. Ongezeni mita 6 za akiba kwa dhoruba moja mbaya: 13.5, iandikwe 15. Ukingo ukifika mita 15 kutoka ukuta wa darasa, kuhama kunaanza bila mjadala mpya. Wananchi wakubaliane juu ya kiwango hicho mapema, wakati hakuna aliyeingiwa na hofu. Kasi ikibadilika, hesabu ifanywe upya.

Kuhama kwenda wapi? Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, lakini katazo halimpi mtu kiwanja. Ardhi ya akiba, iliyoinuka na yenye maji ya kunywa, itengwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji na kupitishwa na Mkutano Mkuu kabla haijagawiwa mwekezaji. Mikoko haiwezi kuhesabiwa humo, kwani ni hifadhi ya msitu wa serikali. Yafaa kutajwa pia makaburi na msikiti, mambo ambayo wataalamu huyakwepa na wazee huuliza kwanza.

Mpango ukitangazwa kabla ya swali hilo kujibiwa, madhara huja mapema kuliko maji. Fairbourne, kijiji cha Wales, mwaka 2014 habari zilienea kwamba baada ya takriban miaka 40 hakitalindwa tena. Bei za nyumba zilianguka papo hapo, na wakazi hawakuwa wameambiwa watakwenda wapi wala nani angelipa.

Upandaji wa mikoko unastahili onyo lake. Mara nyingi miche ya mkoko huchomekwa kwenye tope tupu la chini kwa kuwa hapo hapana mwenyewe. Huzama muda mrefu mno na kufa. Kila aina ya mikoko ina mahali pake: upande wa bahari kabisa ni wa mlilana. Mkandaa hukaa nyuma zaidi.

Viongozi wa vijiji huchaguliwa kila miaka 5, kwa hiyo mpango wa miaka 50 utapitia chaguzi kumi. Daftari la vipimo liwe na nakala tatu: ofisi ya kijiji, halmashauri ya wilaya, na shule ya msingi, ambako wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kufundishwa kupima. Halmashauri mpya ya kijiji ilisome lote mbele ya Mkutano Mkuu ndani ya miezi mitatu, pamoja na alama zilizokwisha kufikiwa bila hatua kuchukuliwa.