Sheria ya Montana haikupi kompyuta ya bure

Naona watu wengi wanaamini jimbo la Montana kule Marekani limepitisha sheria ya kumpa kila mwananchi kompyuta na intaneti, eti kwa sababu inaitwa haki ya kutumia kompyuta. Hapana jamani, si hivyo.

Sheria ile, muswada SB 212 aliousaini gavana Greg Gianforte mwaka 2025, haigawi kitu chochote, inachofanya ni kuiwekea serikali mipaka: ukiwa na kompyuta yako, seva zako (zile kompyuta kubwa za kuhifadhi na kuchakata data), programu zako, hata akili bandia, na unazitumia kwa shughuli halali, basi serikali ikitaka kukubana lazima ionyeshe kwamba katazo hilo ni la lazima kweli, ni kwa ajili ya afya au usalama wa umma, na halizidi kile kinachohitajika. Kama huna hela ya laptopu hiyo sheria haikununulii, na hilo ndo linaniuma, maana anayefaidika haraka ni mwenye seva nyingi.

Wala sio ruksa ya kila kitu, utapeli unabaki utapeli. Na miundombinu muhimu ikiendeshwa na akili bandia lazima kuwe na sera ya kudhibiti hatari.

Anayetafuta sheria ya kumsaidia mtu wa kipato cha chini aangalie New York, kule sheria ya 2021 inazitaka kampuni za intaneti ziwe na kifurushi kisichozidi dola 15 kwa mwezi kwa familia zinazostahili, kampuni zikakimbilia mahakamani, kesi ikavutana miaka, ikaja kuanza kufanya kazi Januari 2025.