Paka wako akizidiwa mlete mapema, na utuambie ukweli ulishampa nini

Malalamiko yamekuwa mengi ofisini kwetu na mengi yanafanana, kwamba nilimpeleka paka kliniki kalegea kidogo tu, wakamchoma sindano akafa. Uchungu wake naujua, mimi mwenyewe nafuga, ila ukifungua faili unakuta yule paka ana siku nne hajala, mkojo haujatoka tangu juzi, na kabla ya kuletwa alishapewa vidonge vya binadamu hapo nyumbani au alishapita kwa mtu anayejiita daktari wakati hana usajili wowote. Sasa hapo sindano ya kliniki inalaumiwa bure.

Paka anaficha ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa. Haleti malalamiko kama mbwa, anaingia chini ya kitanda anatulia, na wewe unafikiri kapumzika. Yale maneno ya fulani ana roho ya paka tuyaache kwenye maongezi yetu, kwenye meza ya matibabu sijawahi kuyaona yakifanya kazi. Ukimuona paka mpaka unasema mwenyewe huyu anaumwa, basi ujue ugonjwa umeshatembea.

Kinachoniuma zaidi ni paka dume aliyeziba mkojo. Anaingia chooni kila baada ya dakika chache, anachuchumaa, anajikamua, analia, anajilamba huku chini, na kwenye mchanga hakuna kitu au kuna matone mawili yenye damu. Mwenye paka anasema kafunga choo, anampa mafuta ya kupikia anasubiri kesho. Jamani, huyo hajafunga choo! Kibofu kimejaa kimekuwa kigumu kama chungwa, figo zinashindwa kusafisha, madini ya potasiamu yanapanda kwenye damu na yakizidi moyo unasimama. Anaweza kufa ndani ya siku 1 mpaka 3, wakati akiwahishwa kazi yenyewe inajulikana, anapewa dripu na dawa ya kuulinda moyo, analazwa kwa dawa ya usingizi, anapitishiwa mpira wa mkojo na anabaki chini ya uangalizi siku kadhaa. Wengi wanapona kabisa.

Mengine ya kukimbiza bila kusubiri asubuhi ni paka anayepumua mdomo wazi, au akiwa amelala usingizi ukihesabu pumzi zinazidi 30 kwa dakika, au ufizi umekuwa mweupe, wa bluu au wa kahawia badala ya pinki, au miguu ya nyuma imekufa ganzi ghafla, ya baridi na analia sana, hiyo mara nyingi ni damu iliyoganda imeziba mshipa na siyo lazima awe kagongwa. Kutokula nako watu wanakuchukulia poa. Paka, hasa mnene, akikaa siku 2 au 3 bila kula mafuta ya mwilini yanakimbilia kwenye ini na ini linaharibika, kwa hiyo unakuwa na ugonjwa wa kwanza na wa pili juu yake.

Nije kwenye vidonge. Parasetamoli usimpe paka, hata robo, hata ya maji ya watoto. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja hiyo dawa kama letu, na kidonge kimoja tu cha miligramu 500 kinaweza kumuua, damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unageuka kahawia, uso na miguu vinavimba. Kila mara naambiwa "lakini nilimpa kidogo, mbona mtoto wangu anapewa." Mtoto wako siyo paka! Nalirudia hili mpaka nachoka ila nitaendelea kulirudia. Na ile dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwake, anatetemeka mpaka degedege. Maziwa na maji ya kulazimisha mdomoni pia acha, yanaingia kwenye mapafu, na usimtapishe kwa chumvi.

Ila kama ulishampa, sema. Hatuko pale kukuhukumu. Dawa ya kupunguza makali ya parasetamoli ipo na inafanya kazi vizuri ikianza mapema, lakini mwenye paka akificha tunapoteza masaa tunatafuta ugonjwa mwingine. Njoo na boksi la dawa, sema ulimpa saa ngapi, kiasi gani, na kama una video ya namna anavyopumua au anavyotapika ilete, inasaidia kuliko maelezo marefu. Piga simu kabla ili waandae, mweke kwenye kreti au boksi lenye matundu, funika na kitambaa, usimbebe mikononi.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo ugomvi unapoanzia. Mgonjwa mahututi anatulizwa kwanza, oksijeni, dripu, dawa ya maumivu, halafu ndio vipimo, kwa hiyo ukiona aliyekuja baada yako kaingizwa kabla usifoke, foleni ya dharura haiendi kwa namba. Utapewa fomu ya ridhaa, isome, iwe na jina lako, maelezo ya mnyama, kitakachofanyika, hatari zake na makadirio ya gharama, na gharama zikibadilika uombe waandike upya na usaini tena. Una haki ya kuomba nakala ya kumbukumbu za matibabu na kwenda kwa daktari mwingine, pia una haki ya kumuuliza daktari namba yake ya usajili na hatakiwi kukasirika. Mtu kutibu wanyama bila usajili ni kosa kisheria katika nchi nyingi, adhabu ni faini au kifungo, na daktari aliyesajiliwa akizembea anaweza kuonywa, kusimamishwa au kufutwa kabisa. Sheria inakugusa na wewe mwenye mnyama pia, kumwacha kliniki ukazima simu ni kumtelekeza, na kumwacha ateseke nyumbani bila matibabu nako kunaweza kukufikisha mahakamani.

Kama hela haitoshi sema mapema, daktari anaweza kupanga kipi kifanyike kwanza. Na ikifika mahali hapati nafuu, kumpumzisha kwa sindano siyo uuaji, anapewa dawa ya usingizi kupita kiasi, analala na moyo unasimama bila maumivu, unaruhusiwa kukaa naye umshike.

Akifa na ukaona hukutendewa haki, andika malalamiko kwanza kwa kliniki yenyewe, usiporidhika peleka kwenye baraza linalosajili madaktari wa wanyama ukiambatanisha risiti, fomu na tarehe. Usimzike kabla ya uchunguzi wa mwili. Mfunge vizuri kwenye mfuko, mweke kwenye friji ya kawaida na siyo friza, barafu inaharibu nyama za ndani tunashindwa kuzisoma, na mlete ndani ya siku hiyo hiyo au kesho yake.