Ripoti za Programu za Biashara kama Chanzo cha Uchambuzi wa Data: Dhana Potofu na Ukweli

Karibu kila programu ya uhasibu, ya mauzo au ya stoo huja na ripoti nyingi zilizokwisha kutayarishwa, na wachambuzi wengi huanzia hapo kwa sababu ya kawaida kabisa: ripoti hupatikana kwa kubofya mara chache, ilhali ruhusa ya kuingia kwenye hifadhidata yenyewe huombwa, husubiriwa, na mara nyingi hunyimwa. Desturi hiyo imezaa imani mbili zinazopingana. Wapo wanaoipokea ripoti kama ukweli uliokamilika, na wapo wanaoidharau wakisema kuwa imetengenezwa kwa ajili ya kuchapishwa tu. Wote wamekosea, ingawa kosa la kundi la kwanza ndilo linalogharimu zaidi.

Dhana: Ripoti ni data ghafi ya biashara.

Ukweli ni kwamba ripoti ni jibu la swali ambalo mtu mwingine aliliuliza zamani. Aliyeiunda aliamua ni miamala ipi iingie na ipi iachwe, kodi ijumlishwe au iondolewe, ankara zilizofutwa zihesabiwe au la, na muhimu kuliko yote, ni tarehe ipi itumike: ya oda, ya ankara, ya kuingizwa kwenye leja au ya malipo. Ndiyo maana idara mbili zinaweza kuleta mezani ripoti mbili zenye jina moja la "Mauzo ya Mwezi", zenye jumla tofauti, na pasiwe na aliyekosea hata mmoja.

Zaidi ya hapo, ripoti humtambua anayeiendesha. Mtumiaji ambaye ruhusa yake inaishia kwenye tawi moja atapata mauzo ya tawi hilo pekee, na katika programu nyingi kichwa cha ripoti hakitamwambia kuwa matawi mengine yamefichwa. Vichujio vilivyohifadhiwa tangu matumizi ya mwisho navyo huendelea kufanya kazi kimyakimya. Kabla ya kuigusa namba yoyote, basi, mchambuzi anapaswa kujua ripoti imeendeshwa na nani, kwa kipindi gani, kwa sarafu gani na kwa vichujio gani.

Dhana: Bila kuifikia hifadhidata hakuna uchambuzi wa maana.

Imani hii hupendwa na watu wa teknolojia, na ina chembe ya ukweli, lakini husahau kazi ambayo ripoti imekwisha kuifanya. Majedwali ya ndani hayakupangwa kwa ajili ya msomaji. Katika SAP ECC, kwa mfano, ambao ni mfumo wa kuendeshea shughuli za kampuni, kichwa cha hati ya uhasibu hukaa kwenye jedwali la BKPF na mistari yake kwenye BSEG, ambamo kiasi cha fedha huhifadhiwa bila alama ya kutoa. Upande wa debiti au krediti huonyeshwa na herufi S au H katika safu nyingine. Anayeijumlisha safu ya kiasi bila kuizingatia herufi hiyo atapata namba kubwa isiyo na maana yoyote. Ripoti ya leja imekwisha kuzingatia hilo, pamoja na kanuni nyingine nyingi ambazo zimo vichwani mwa waliousimika mfumo na pengine hazikuandikwa popote.

Ripoti ina sifa nyingine ambayo haipewi uzito wake: ndiyo namba ambayo wahasibu na wakurugenzi wanaifahamu, kwa hiyo uchambuzi uliojengwa juu yake unaweza kulinganishwa na hesabu zilizokwisha kukubaliwa. Hata wakaguzi wa hesabu huitumia, ila kwa masharti. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi ISA 500 kinamtaka mkaguzi anayetumia taarifa zilizoandaliwa na taasisi anayoikagua apime kama zinategemeka vya kutosha, na inapohitajika apate ushahidi wa usahihi na ukamilifu wake. Sharti hilo linamfaa mchambuzi wa data vilevile.

Dhana: Ripoti ikishafunguka kwenye Excel, iko tayari kuchambuliwa.

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa hiyo panafaa kuangaliwa kwa karibu. Chukua ripoti ya umri wa madeni, yaani ile inayoyapanga madeni ya wateja katika safu za vipindi kulingana na muda yaliokaa bila kulipwa. Mistari ya juu ina jina la kampuni na kipindi, kisha mstari mtupu. Jina la mteja limeandikwa mara moja tu, na ankara zake zimepangwa chini yake bila jina. Baada ya ankara hizo kuna jumla ndogo ya mteja, kisha mteja anayefuata, na mwishoni jumla kuu. Vichwa vya safu hurudiwa kila ukurasa unapoanza. Ukiijumlisha safu nzima ya kiasi, kila shilingi, dola au euro itahesabiwa mara tatu: katika ankara, katika jumla ndogo, na katika jumla kuu. Dawa yake ni kulijaza jina la mteja katika kila mstari wa ankara, kuiondoa mistari isiyo na namba ya ankara, na kuzigeuza safu za vipindi ziwe mistari. Zana ya Power Query, iliyomo ndani ya Excel tangu toleo la 2016, huzihifadhi hatua hizi, na mwezi unaofuata kazi yote huwa ni kubadilisha faili na kubofya mara moja. Kuifanya kwa mkono kila mwezi ni kuyaalika makosa.

Kuna mtego mdogo zaidi. Baadhi ya mifumo huiandika namba hasi ikiwa na alama ya kutoa mwishoni, yaani 1,250.00- badala ya -1,250.00. Mara nyingi lahajedwali huipokea seli hiyo kama maandishi, na fomula ya SUM huyaruka maandishi bila kutoa onyo. Matokeo yake ni kwamba bidhaa zote zilizorudishwa hutoweka kwenye hesabu na mauzo huonekana makubwa kuliko yalivyo. Excel pia hutunza tarakimu 15 tu za maana katika namba, kwa hiyo namba ya akaunti yenye tarakimu 16 hubadilika tarakimu yake ya mwisho kuwa sifuri, na misimbo ya bidhaa inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hizo, isipokuwa safu imetangazwa mapema kuwa ni ya maandishi.

Ukomo wa mistari nao si jambo la kufikirika. Faili la zamani la XLS hubeba mistari 65,536, na la XLSX mistari 1,048,576 kwa kila laha. Mwaka 2020 taasisi ya Public Health England iliacha visa 15,841 vya Covid-19 nje ya takwimu za kila siku za Uingereza, kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye mafaili ya XLS yaliyokwisha kujaa. Hazikuwa data za biashara, lakini njia ni ileile ambayo ripoti za mauzo hupita kila siku.

Dhana: Muundo wa faili haujalishi.

Unajalisha. PDF huhifadhi mahali kila herufi inapokaa kwenye ukurasa, na kwa kawaida haijui kuwa kuna jedwali. Kuitoa data humo ni kukisia. CSV, yaani faili la maandishi matupu ambamo safu hutenganishwa kwa alama kama koma, ni nafuu zaidi, lakini haisemi ni kitenganishi kipi kimetumika wala ni aina gani ya data imo ndani. Panapotumika koma kama alama ya desimali, nukta-mkato ndiyo hutenganisha safu, na namba 1.250 inaweza kuwa elfu moja mia mbili na hamsini au moja na robo.

Dhana: Ripoti ya Januari itabaki vilevile milele.

Miamala huingizwa kwa tarehe za nyuma, ankara hurekebishwa, na mteja huhamishwa kutoka kanda moja kwenda nyingine, kisha ripoti inayoendeshwa leo huyaweka mauzo yake ya zamani katika kanda mpya. Ripoti za stoo ni mbaya zaidi kwa hili: baadhi huonyesha salio la sasa hivi pekee, na salio la wiki iliyopita haliwezi kupatikana tena ikiwa hakuna aliyelihifadhi. Nakala ya kila ripoti iliyotumika ihifadhiwe bila kuguswa, pamoja na saa iliyotolewa.

Dhana: Namba za ripoti zinaweza kujumlishwa au kutafutiwa wastani upya.

Tawi moja lina ankara 10 zenye wastani wa 900, na jingine lina ankara 90 zenye wastani wa 100. Wastani wa wastani hizo mbili ni 500, ilhali wastani halisi wa ankara zote 100 ni 180. Idadi ya wateja wa kila mwezi nayo haijumlishwi kupata ya mwaka, kwani mteja aliyenunua kila mwezi angehesabiwa mara kumi na mbili. Ripoti ikishafinya maelezo kufikia kiwango hiki, hakuna ustadi wa fomula unaoweza kuyarudisha.

Hapo ndipo ripoti ya muhtasari inapofikia kikomo, na ombi sahihi kwa wasimamizi wa mfumo ni orodha ya miamala mmoja mmoja. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, lilichapisha mwaka 2005 muundo wa faili uitwao SAF-T, uliokusudiwa kuwawezesha wakaguzi wa kodi kuipata leja kwa kiwango hicho, na programu inayoweza kuutoa humpa mchambuzi chanzo kizuri kuliko ripoti nyingi za kuchapisha. Hata hivyo ripoti ile ya muhtasari isitupwe: jumla yake kuu ndiyo ya kuthibitishia kwamba mistari yote imefika.