Je, wajua kwa nini mmbea na chawa, yaani yule wa kujipendekeza kwa wakubwa, huwa ni mtu yuleyule?

Fungua Mithali sura ya 26, anzia mstari wa 20 uende mpaka mwisho, mstari wa 28, utakuta kitu ambacho wengi wetu tunakipita tu. Pale mwanzo anasemwa mchongezi, yule wa kuchukua maneno huku na kuyapeleka kule, "moto hufa kwa kukosa kuni, na bila mchongezi fitina hukoma", halafu mada hata haibadiliki, mistari inasogea taratibu kwa mtu mwenye midomo laini anayeongea vizuri mbele yako huku moyoni ana lake, na sura inafungwa kwa kusema kinywa cha kujipendekeza huleta uharibifu. Yaani mmbea na chawa wamewekwa pamoja, mistari 9 tu, hakuna ukuta katikati.

Sisi huku mtaani tunawatenganisha kabisa. Hapa Kigoma, uwe Mwanga sokoni, uwe mwaloni Kibirizi pale akina mama wanapoanika dagaa, uwe kwenye grupu la wasapu la kwaya, mmbea anajulikana na watu wanamkwepa, akitokea mazungumzo yanabadilika ghafla mara mvua mara bei ya mawese. Ila chawa tunamuona hana shida, anamsifia bosi, anamsifia mchungaji, anamsifia mwenyekiti wa mtaa, tunacheka tunasema muacheni anatafuta riziki. Mimi naamini hapo ndo tunapokosea sana, maana kwenye Biblia huyu wa pili amemaliza watu wengi tu sawa na yule wa kwanza, na mara nyingi ukiangalia vizuri unakuta ni mtu mmoja anafanya kazi zote mbili siku moja.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu fupi ni kwamba wote wanatafuta nafasi karibu na mtu fulani na hawana cha kumpa isipokuwa maneno. Sifa zinamfungulia mlango, halafu akishaingia anatakiwa awe na kitu mkononi ili asitolewe, na kitu rahisi kupatikana kuliko vyote ni habari za mwenzake. Ndo maana huwezi kumkuta chawa anayesifia tu siku zote bila kumchoma mtu, haiwezekani, sifa peke yake zinaisha ladha.

Chukua Doegi Mwedomi, mtumishi wa mfalme Sauli, habari zake ziko 1 Samueli 21 na 22. Daudi anamkimbia mfalme Sauli, anafika Nobu kwa kuhani Ahimeleki ana njaa, anamdanganya kuhani kwamba katumwa na mfalme kwa siri, kuhani wa watu bila kujua lolote anampa mikate mitakatifu na upanga wa Goliathi. Doegi siku hiyo yupo palepale, anaona, ananyamaza. Baadae Sauli amekaa na watu wake, mkuki mkononi, analalamika kwamba wote mmeungana dhidi yangu, hakuna hata mmoja anayenionea huruma wala anayeniambia kinachoendelea. Sasa hapo ndo muda wa chawa. Mfalme ametangaza mwenyewe kwamba anatafuta mtu wa kumletea maneno, na Doegi anayo. Akayatoa.

Na cha kutisha ni kwamba alichosema kilikuwa kweli. Ni kweli Daudi alifika Nobu, ni kweli alipewa chakula, ni kweli alipewa upanga. Alichoacha ni kile kipande kidogo kwamba kuhani alidanganywa, hakujua kama Daudi ni mtoro. Ahimeleki mwenyewe alipoitwa akajitetea vizuri sana akasema mimi sikujua lolote katika haya, ila ilishakuwa imechelewa maana Sauli alikuwa ameshashiba maneno ya kwanza. Walinzi wa mfalme waliambiwa wawaue makuhani wakakataa, wakaogopa kunyoosha mikono yao, basi akaambiwa Doegi, na Doegi yule yule aliyeleta maneno ndiye aliyeua makuhani 85 siku moja, halafu mji wa Nobu ukapigwa, wanawake, watoto, mpaka ng'ombe na punda. Aliyetoroka ni mtoto mmoja wa kuhani, Abiathari.

Naikazia hii habari kwa sababu utetezi wetu mkubwa tukishikwa na umbea huwa ni huu, "lakini si ni kweli?" Mtu anatuma skrinishoti ya meseji za mwenzake kwenye grupu halafu anasema mimi sijaongeza neno hata moja. Sawa hujaongeza, ila umepunguza nini? Umempelekea nani? Na ulikuwa unataka upate nini kwake? Doegi naye hakuongeza.

Mwingine ni Siba, mtumishi wa Mefiboshethi, 2 Samueli 16. Mefiboshethi ni mtoto wa Yonathani, kilema wa miguu yote miwili, Daudi alimpenda akamrudishia mashamba ya babu yake Sauli akawa anakula mezani kwa mfalme. Absalomu mtoto wa Daudi alipoasi, Daudi akakimbia kutoka Yerusalemu, njiani anakutana na Siba kaja na punda wawili wametandikwa, mikate 200, zabibu kavu, matunda, kiriba cha divai, eti vya kumsaidia mfalme na watu wake wasizimie nyikani. Ona sasa, mtu amechoka, mtoto wake wa kumzaa kamgeuka, analia, anatembea peku, halafu unamjia na mikate 200! Akaulizwa bwana wako yuko wapi? Siba akasema amebaki Yerusalemu anasema leo atarudishiwa ufalme wa baba yake. Daudi hakuuliza swali la pili, akasema palepale vyote vya Mefiboshethi ni vyako.

Vita ilipoisha, sura ya 19, Mefiboshethi akatokea hajaosha miguu, ndevu hajazitengeneza, nguo hazijafuliwa tangu siku mfalme alipoondoka, akasema mtumishi wangu alinidanganya, mimi nilitaka nitandikiwe punda nije na wewe. Daudi akajikuta njia panda akasema basi gawaneni ardhi na Siba. Yaani mtu aliyesingiziwa akarudi na nusu. Mimi kila nikiisoma roho inaniuma, kwa sababu Daudi alikuwa mtu mwenye akili nyingi na aliyemjua Mungu, lakini zawadi na maneno matamu vilimfunga macho kwenye dakika ambazo alihitaji kuona.

Kuna mstari Mithali 29:5 unasema amsifuye jirani yake kwa kujipendekeza anamtandikia wavu miguuni, na sisi watu wa Ziwa Tanganyika huo mstari ungetuingia haraka kuliko wengine. Dagaa wa Tanganyika hawavuliwi kwa kukimbizwa, wavuvi wanatoka usiku wa giza na taa, zamani karabai siku hizi hizi za sola na betri, wanawasha, dagaa wanaufuata mwanga wenyewe kwa furaha yao wanajaa chini ya taa, na wavu unakuja kuinuliwa ukitokea chini ambako hakuna hata dagaa mmoja aliyekuwa anaangalia. Sifa za uongo zinafanya hivyo hivyo, mtu anavutwa na kitu kizuri mpaka anaacha kuangalia upande mwingine.

Mfalme Ahabu ni mfano kabisa. 1 Wafalme 22, anataka kwenda kupigana Ramothi-Gileadi, ana manabii kama 400 wote wanamwambia panda mfalme, utashinda. Mmoja tu, Mikaya, ndo alikuwa hapendwi, na Ahabu mwenyewe anasema wazi namchukia huyu kwa sababu hanitabirii mema. Mpaka mjumbe aliyetumwa kumwita Mikaya akamshauri njiani, bwana wenzako wote wamesema vizuri, na wewe sema vizuri basi. Mikaya akasema ukweli, akatiwa gerezani ale mkate wa shida na maji. Ahabu akaenda vitani, mshale uliorushwa tu bila kulenga ukampata kwenye maungio ya silaha zake akafa jioni ile. Watu 400 walimpenda mdomoni na hakuna aliyemsaidia.

Turudi nyumbani. Kuna kikundi kimoja cha kina mama cha hisa hapa Kigoma, sitakitaja, kilivunjika kwa maneno matupu. Mweka hazina hakuonekana kwenye kikao, basi mama mmoja akamfuata mwenyekiti, kwanza akaanza kumpamba, mama wewe ndo umekishikilia hiki kikundi, bila wewe tungeshakufa zamani, una moyo wa pekee, halafu ndo akashusha, "ila huyu mweka hazina mama mwangalie, mimi sisemi kitu." Ikatoka kwa mwenyekiti ikaingia kwa wawili watatu, ikapanda kwenye wasapu, jioni watu wanadai hela zao wakati mgao bado miezi kadhaa. Kumbe mweka hazina alikuwa kwenye msiba Kasulu na alikuwa amemuaga katibu. Na kitu kinachoniumiza zaidi ni kwamba sanduku la kikundi lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, yeye peke yake asingeweza hata kulifungua! Kila mwanakikundi alikuwa anajua hilo. Lakini Mithali 26:22 inasema maneno ya mchongezi ni kama vitu vitamu yanashuka mpaka ndani kabisa ya tumbo, na kitu kikishashuka tumboni huwezi kukiita kirudi, hata mweka hazina aliporudi na kila kitu kikahesabiwa kikawa sawa watu walishaanza kumwangalia vingine, akaacha mwenyewe, na kikundi hakikumaliza mwaka.

Wengine watauliza, kwa hiyo tusiseme kitu hata tukiona mtu anaharibu? Hapana. Biblia haijasema nyamaza. Angalia 1 Wakorintho 1:11, Paulo anawaambia Wakorintho nimesikia mna ugomvi, na anataja kabisa nimesikia kwa nani, watu wa nyumbani mwa Kloe. Jina lipo wazi, na aliyeambiwa ni mtu mwenye uwezo wa kurekebisha. Hakuna "usiseme kama ni mimi nimekwambia". Na kama mtu kakukosea wewe mwenyewe Yesu katoa utaratibu Mathayo 18:15, mwendee, wewe na yeye peke yenu, akikataa ndo unachukua mmoja au wawili, na kanisa linakuja mwisho. Sisi tunaanza na kanisa, mwenyewe anakuja kujua wa mwisho.

Na kumsifia mtu nako siyo dhambi jamani, msije mkaacha kuwapongeza watoto wenu wakifaulu. Soma Warumi 16 uone Paulo anavyosifu, zaidi ya nusu ya sura ni majina ya watu. Fibi amekuwa msaidizi wa watu wengi na wa Paulo mwenyewe, Priska na Akila walikuwa tayari kukatwa shingo zao kwa ajili ya maisha yake, Mariamu amefanya kazi nyingi kwa ajili yenu. Majina mengi yana kazi yake pembeni ambayo wasomaji wa ile barua wangeweza kuiulizia wakaambiwa ndiyo ilikuwa hivyo, na kwenye orodha yote ile huoni hata mtu mmoja aliyeshushwa ili mwenzake apande.