Rangi ya kiwandani ya rimu: kuchakaa si ushahidi

Ukitaka kusikia neno "orijino" likiteswa, ingia gereji yoyote ya Malindi inayoshika magari ya kale, kuanzia zilizo kando ya Barabara ya Lamu hadi zile za uani kule Kisumu Ndogo. Rimu imekwajuka, imebabuka kwa chumvi, mnunuzi anauliza habari ya rangi, anajibiwa: "Sheikh, hiyo ni ya kiwandani, haijaguswa." Ushahidi ni upi? Imechakaa. Basi, mazungumzo yameisha, bei imepanda.

Maana yenyewe ni fupi. Rangi ya kiwandani ni ile iliyokuwa juu ya rimu siku gari lilipotoka kwa mtengenezaji wake: rangi gani, inang'aa kiasi gani, sehemu zipi zimepakwa na zipi zimeachwa. Haihusu rangi unayoiona leo ina umri gani. Kanga ikififia haithibitishi kwamba ndiyo ile ya arusi. Na hapa pwani hoja ya kuchakaa ni dhaifu maradufu, kwa sababu jua letu na upepo wa bahari huzeesha rangi upesi. Rimu iliyopigwa rangi miaka michache tu iliyopita ikaegeshwa nje karibu na ufuo itafanana na ya mwaka 1970, tena pengine itaonekana mbaya zaidi kuliko ya 1970 iliyokaa gereji kavu.

Kosa la pili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu hufanywa na watu waliosoma. Mtu anafungua mlango au boneti, anakuta kibao chenye msimbo wa rangi, anaupeleka dukani, anachanganyiwa rangi, anapiga gari zima pamoja na rimu. "Nimefuata kiwanda," anasema. Amefuata kiwanda cha bodi. Msimbo ule, kwenye magari mengi, unahusu bodi peke yake. Rimu zilikuwa na kiwanda chao. Dunlop walitengeneza rimu za spoki za magari ya Kiingereza, Rubery Owen wakatengeneza zile ziitwazo Rostyle, Otto Fuchs wa Ujerumani wakafua za Porsche, na Wataliano walikuwa na Campagnolo, Cromodora na Borrani. Mara nyingi rimu ilifika penye kuunganishiwa gari ikiwa tayari imekamilika, ikafungwa nati tu. Wa bodi hakuigusa kwa bunduki yake ya rangi. Sasa kibao cha bodi kitajuaje habari zake?

Ndiyo maana swali "rangi ya kiwandani ya rimu za MGB, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, ni ipi?" halina jibu moja. Utajibu ukishaulizia: ya mwaka gani, na rimu aina gani? MGB za miaka ya 1960 zilitoka na rimu za chuma za rangi ya silva zenye kifuniko katikati, na aliyelipa zaidi alipata za spoki, za kupakwa silva au za kromu. Kisha, kuelekea 1970, zikaingia Rostyle, na hizo zina rangi mbili: nyuso zilizoinuka ni silva, mashimo na mabonde ni meusi. Nimeona Rostyle kadhaa hapa mjini zimepigwa silva tupu kuanzia ukingo hadi kitovu, na mwenyewe anaapa ndivyo zilivyokuja. Hazikuja hivyo. Ule weusi ndio unaoipa rimu ile sura yake, ukiuondoa inabaki kama sahani ya bati. Jaguar E-Type ya miaka ya 1960 nayo ni vilevile: spoki za silva ndizo zilizokuja na gari, za kromu ziliagizwa kwa nyongeza. Anayezipiga zote kromu amepata gari zuri la kupigia picha, lakini asidai kwamba kila moja ilikuwa hivyo.

Halafu iko Porsche 911, na hapa ndipo mafundi wetu hodari wa kung'arisha hufanya hasara kubwa. Rimu za Fuchs zilianza na 911S ya mwaka wa modeli 1967. Ni aluminiamu iliyofuliwa, haikumiminwa kwenye kalibu. Zile petali zake, yaani mikono yake mipana yenye umbo la jani la ua, hazikupakwa rangi wala hazikuachwa metali tupu. Zilianodaiziwa, yaani zilitumbukizwa kwenye dawa na kupitishiwa umeme mpaka uso wa aluminiamu wenyewe ukaota ngozi ngumu ya oksidi. Ngozi hiyo ina mng'ao wa kufifia, wa kijivu kidogo, na nyeusi ilipakwa kwenye nafasi baina ya petali. Fundi anaona kufifia kule anadhani ni uchafu. Analeta msasa, analeta dawa ya kung'arisha, jioni petali ni kioo. Mwenye gari anafurahi mwezi mmoja. Baadaye chumvi inaikuta aluminiamu iliyo uchi, unga mweupe unaanza kutoka, na kila baada ya wiki chache kazi ni kusugua. Wengine hutumia magadi makali ya kutolea rangi. Magadi hayo hula aluminiamu yenyewe, usiyasogeze karibu na rimu hata kidogo.

Na usidhani rangi ya ajabu lazima iwe ya mtaani. Porsche 911 Carrera RS ya 1973 iliyopakwa nyeupe iliweza kutoka kiwandani na maandishi ubavuni mekundu, ya buluu au ya kijani, na rimu zake katikati zikapakwa rangi ileile ya maandishi. Mtu akikuta gari jeupe lina rimu za buluu atasema ni mambo ya vijana. Kumbe kiwanda ndicho kilichoamua, na msimbo wa bodi bado unasema nyeupe.

Kujua ukweli kunataka subira na mahali pa kuchungulia. Mimi huanza na gurudumu la spea, maana wengi wanaopiga rangi hupiga manne yanayoonekana. Kisha natoa tairi. Rimu ya kiwandani ilipakwa kabla ya tairi kuvaliwa, kwa hivyo rangi inapita hadi ndani pale mdomo wa tairi unapokaa. Iliyopigwa mtaani tairi ikiwa mahali pake huacha mstari, rangi inakoma ghafla. Tazama pia chini ya vile vipande vya risasi vinavyogongwa ukingoni kusawazisha gurudumu, chini ya kifuniko cha katikati, na nyuma pale rimu inapokaa juu ya ngoma ya breki. Huko jua halikufika. Kwenye rimu nyingi nyuma pana tarehe iliyogongwa kwenye chuma. Ikipita tarehe ya gari lenyewe kwa miaka mitatu, unachunguza rangi halisi ya rimu ya gari jingine.

Ukishapata kona iliyofichika, chukua msasa wa maji, namba 800 kisha 1500, usugue mahali padogo kwa kuzunguka hadi ufike kwenye chuma. Tabaka hujitokeza kama pete, moja ndani ya nyingine. Fanya kazi hiyo ikiwa imelowa, na uvae barakoa, kwa sababu rangi za kale zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani, nayo ni sumu. Hesabu pete kutoka katikati. Ukikuta kutu au puti baina ya rangi na chuma, hiyo siyo rangi ya kwanza. Kiwanda hakipaki juu ya kutu. Wengine hufuta kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi: rangi ikitoka kwenye kitambaa, huenda ni ya selulozi ya gereji, maana enameli iliyookwa kiwandani hustahimili. Lakini isipotoka usishangilie, rangi za kisasa za kuchanganya na hadina, dawa ya kuikaza rangi, nazo hazitoki.

Silva ya zamani nayo ina sura yake. Kwa kawaida haikuwekewa vanishi juu, kwa hivyo haina kina cha maji unachokiona kwenye silva ya leo. Ukipiga MGB ya 1968 silva ya gari jipya na mikono mitatu ya vanishi, umeipamba, na macho yaliyozoea yatajua toka mbali.

Rimu za mashindano ni jambo jingine tena. Gari lililokimbia Safari Rally miaka ya 1970 huenda lilibadilishwa rimu na rangi na timu yake kabla halijaona vumbi. Rangi hiyo ina thamani, wakati mwingine kuliko ya kiwandani, lakini ni ya historia ya gari lile moja. Ihifadhi, iandike hivyo.

Kwa hivyo wenzangu mnaouza, tangazo linaweza kuwa la kweli na bado likavutia. Kama hujui ilipakwa lini, andika "rangi ya zamani". Kama umepiga upya kwa kufuata ulichokikuta chini ya risasi ya ukingoni, andika "imepakwa upya kwa rangi ya kiwandani", wala haina aibu, mnunuzi makini huilipia vizuri. "Orijino" iwekeni kwa rimu ambayo mmeitoa tairi mkaiona, na picha ya nyuma yake muipige kabisa, tarehe ikisomeka.